Fundi wa Chemchemi Zote za Mji

Mama yule alikuwa amesimama mbele ya chemchemi ya mzunguko wa barabara kwa muda mrefu kuliko ambavyo angesimama mtu mwenye akili timamu na mahali pa kwenda. Alifunga mwavuli, akaunyoosha kuelekea maji yaliyokuwa yakiruka juu, akafumba jicho moja, akapima. Kisha akazunguka upande wa pili, akapima tena. Kwenye benchi, Redio akaacha kutafuna karanga alizoonjeshwa na wachuuzi watatu tofauti.

Watu hawapimi chemchemi kwa mwavuli bure. Anayepima anataka na yeye awe nayo. Anayetaka awe nayo ana ua wa kuiweka, na mwenye ua hakosi kianzio.

Redio si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata mtaani, kwa sababu ukishamwasha hazimiki, na pia kwa sababu taarifa zake nyingi zilikuwa hazijathibitishwa. Siku hizo alikuwa akilala kwenye kochi la sebuleni kwa dada yake. Shemeji yake alikuwa amemwambia, kwa upole uliomtia baridi, kwamba mwisho wa mwezi kochi linakwenda kwa fundi kubadilishwa kitambaa na huenda lisirudi. Kwa hiyo Redio alihitaji kodi ya chumba, na aliihitaji upesi. Alikung'uta maganda kwenye suti yake ya pekee, akasogea.

"Samahani, mama. Unaipenda?"

"Naipima," alijibu mama bila kugeuka.

"Usijisumbue. Maji yanafika urefu wa mlango na nusu. Najua kwa sababu niliijenga mimi."

Mama akageuka, akamtazama kuanzia viatu. "Hii?"

"Hii, na ile ya benki, na ile ya bustani ya hospitali. Ile ya maktaba nilisaidiwa kidogo."

Hapo, msomaji, ndipo ufundi ulipo. Tapeli mchanga angejitwalia zote nne. Bingwa huacha moja ya kugawana na wenzake, ili mteja aseme moyoni, loo, kumbe huyu ni mkweli.

"Na yule samaki wa jiwe upande wa kulia," mama akauliza, "mbona wenzake wawili wanatema maji na yeye hatemi?"

Redio alikuwa hajawahi kumtupia jicho samaki yule. Alimwangalia kwa huzuni ya mzazi. "Nilimnyamazisha makusudi, mama. Katika kila familia lazima awepo mmoja anayesikiliza."

Mama alicheka mpaka mkoba ukamtoka begani. Akaeleza kwamba ana nyumba ya wageni, na kwamba watu wote humwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Jirani yake wa ng'ambo ya barabara, mwenye nyumba ya wageni pia, alikuwa ameweka bata wa saruji anayemwaga maji uani, na sasa wageni wanavuka na mabegi yao kwenda kulala karibu na sauti ile.

"Nataka yangu iwe kubwa mpaka yeye mwenyewe akose usingizi," alisema Shangazi.

"Atakosa. Nipe tu kianzio nikaagize mawe."

"Kianzio si tatizo, mwanangu. Tatizo ni kwamba nyumba ni ya ukoo. Marehemu mume wangu aliacha ndugu wengi, na siwezi kutoa hata senti kabla hawajaridhika. Wazione kazi zako, wakusikie mwenyewe ukieleza. Kesho asubuhi uwe hapa hapa, nitawaleta."

Redio akakubali. Ndugu wa marehemu aliwajua walivyo: hupinga kila kitu mpaka walishwe maneno, na maneno ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo.

Asubuhi basi dogo la kukodi likaegesha kando ya mzunguko, ndugu wakateremka. Shangazi akawatambulisha mmoja mmoja: huyu shemeji, huyu wifi, wale wajukuu, yule mzee mwenye kamera ni mjomba. Redio aliwapa wote mkono, kisha akawapa pole ya marehemu. Waliipokea kwa mshangao kidogo, na mmoja akauliza nani amefariki. Redio akajisemea kwamba misiba ya zamani husahaulika.

Akaanza kazi. Kwenye mzunguko aliwaeleza habari za samaki anayesikiliza. Kwenye benki, mahali ambapo maji huteleza juu ya ukuta wa kioo cheusi bila kutoa sauti, aliwaambia kwamba mkurugenzi mwenyewe alimsihi maji yasipige kelele, wateja wasije wakaamka. Kwenye bustani ya hospitali kulikuwa na bakuli kubwa lenye umbo la ua, na taa zake zilibadilika rangi. Alisema kwamba rangi ya kijani ilimgharimu usingizi wa mwaka mzima. Kwenye maktaba, alipowakuta njiwa wakioga, alishusha sauti na kusema kwamba aliwatengenezea kina hicho hicho, wasizame. Wifi mmoja akafuta machozi.

"Wameridhika?" aliuliza Redio waliporudi.

"Hawa wameridhika kabisa," alisema Shangazi. "Bado wa upande wa mama wa marehemu."

Walikuja wa upande wa mama yake. Wakaja wakwe. Wakaja waliotoka mbali na kuchelewa habari. Redio aliustaajabia ukoo ule, lakini hakuuhesabu, kwa kuwa kila kundi jipya aliliona ni hatua moja kuelekea kwenye kianzio. Tena alikuwa anazidi kuwa hodari. Jioni, badala ya kurudi kwenye kochi, alipita peke yake kwenye chemchemi kutafuta jambo la kuongeza. Aligundua kwamba jua likikaa vizuri, ukuta wa benki hurusha mawimbi ya mwanga kwenye dari la baraza, na alikaa pale akitazama mpaka mlinzi akamuuliza kama ana akaunti. Aibu iliyoje, tapeli mzima kuanza kuandaa somo. Lakini ukweli ni kwamba alizipenda, na alipozisemea uongo aliusema kwa mapenzi.

Nyumbani, dada yake alikuwa ameshaanza kutoa mito kwenye kochi.

Siku moja kabla ya mwisho wa mwezi, wakitoka maktaba, mwanamume mmoja mnene alimvuta pembeni.

"Fundi, sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini jirani yangu aliyekuja juzi alielezwa habari za njiwa kwa urefu. Sisi umetupitisha pale mbio mbio. Na mimi nimelipa sawa na yeye."

"Umelipa nini, shemeji?"

"Nauli na kiingilio. Kwa Shangazi. Na kwa nini unaniita shemeji?"

Hapo ndipo Redio alipoanza kuuhesabu ukoo ule. Alikuwa ameingizwa mjini, yeye aliyezaliwa humo humo.

Alimkuta Shangazi kwenye mapokezi ya nyumba yake ya wageni, chini ya ndoana za funguo, akikunja taulo.

"Wale watu si ndugu zako," alisema Redio.

"Wengine ni ndugu. Yule mwenye kamera ni mjomba kabisa," alisema Shangazi. "Naye nilimlipisha."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Fundi wa kweli angeniuliza maji yangu yanatoka wapi. Wewe uliuliza kianzio." Akanyoosha taulo kwa kiganja. "Nikasema, huyu kujenga hawezi, lakini mdomo huu si wa kuachwa ukapotea. Wageni wangu walikuwa hawana pa kwenda mchana, ndiyo maana wakavuka barabara. Sasa wa jirani ndio wanaovuka kuja kwangu."

"Nataka nusu."

"Nusu ya nini, mwanangu? Basi nimekodi mimi, mafuta nimejaza mimi, watu nimetafuta mimi. Wewe umeongea tu, na kuongea ungeongea hata bure."

"Nitakwenda kukushtaki."

"Nenda. Ukifika waambie wewe ni nani."

Redio akatoka nje. Alikuwa na hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na uchungu, maana kochi lilikuwa linaondoka kesho yake na hakuwa na mbele wala nyuma. Ilimbakia silaha moja tu, ukweli, ambayo hakuwahi kuishika hata akajua inashikwa upande gani.

Asubuhi basi lilipowateremsha watu kwenye mzunguko, Shangazi akiwa kati yao, Redio alipanda juu ya ukingo wa chemchemi.

"Ndugu zangu, leo nawaambia ukweli. Chemchemi hii sikuijenga. Wala ya benki, wala ya hospitali. Maishani mwangu sijajenga hata kichanja cha vyombo. Samaki yule hasikilizi, ameziba. Mimi nalala kwenye kochi la shemeji yangu, na leo hii linapelekwa kwa fundi ili nisipate pa kulala. Huyu mama anajua yote, na anachukua pesa zenu."

 Kisha mwanamke mmoja akaguna, akajiziba mdomo, akashindwa. Kicheko kikashika kundi zima.

"Sitanii," alisema Redio.

Wakacheka zaidi. Akala kiapo, na kijana mmoja akalazimika kukaa chini. Mzee wa mbele alinyoosha mkono kwa heshima.

"Mwalimu, rudia hapo pa kochi. Mke wangu hakusikia vizuri."

Redio alisimama pale, machozi yakimlengalenga. Kamwe hakuwahi kusema ukweli mwingi kiasi kile, na kamwe hakuwahi kukosa kuaminiwa namna ile. Watu walipiga makofi. Mmoja alikuwa ameshamuuliza Shangazi kama Jumamosi kuna nafasi ya mama mkwe.

Shangazi alimsogelea akijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Hiyo ya kochi iwe inakuja mwanzoni kila siku," alisema. "Kuanzia Jumatatu nauli inapanda."

"Na mimi?"

"Wewe una chumba. Cha nyuma, karibu na tangi. Kodi nitakata kwenye mshahara wako."

"Mshahara gani?"

"Huo nitakaokuwa nakata."

Redio alitaka kujibu, lakini watu walikuwa wameshapanda basi na mzee alikuwa akimwita kupitia dirishani, kwamba mke wake bado hajasikia. Akashuka ukingoni, akaenda kumsimulia tena habari ya kochi.