Malalamiko Kuhusu Ghubari, Kinamasi na Magoti ya Korongo

Kinondoni,
9 Mei 1975

Kwa Ndugu Mratibu wa Elimu ya Watu Wazima,

Pokea salamu za mwananchi anayeunga mkono kisomo. Mimi ni Leonardi, mchonga vinyago. Mke wangu Sesilia anasoma darasa la jioni la Mwalimu Kokushubila. Alipofaulu mtihani, mwalimu alimwazima kitabu cha kale cha msafiri aliyekaa miaka mingi porini akitazama ndege, mabwawa na mawingu. Kitabu hakina jalada, lakini maneno kinayo. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mwezi wa Machi, akitoka kwenda kisimani, Sesilia aliniambia, "Baba Anjelina, ghubari linakuja, ukae macho." Sikutaka kuonekana mjinga, nikaitikia. Nilidhani ni mgeni mnene wa ukoo wao. Nikafagia uwanja, nikatoa kigoda, nikavaa shati la mikono mirefu. Baadaye nilielezwa kuwa ghubari ni wingu la mvua. Nguo zote zilikuwa kambani, na godoro lilikuwa nje.

2. Kwenye mkutano wa nyumba kumi alisimama akasema nyuma ya nyumba ya balozi wetu, Ndugu Albano, pana kinamasi chenye viluwiluwi. Balozi aliamuru yaandikwe kuwa ni matusi. Katibu hakujua yanaandikwaje. Ikabidi mwalimu aitwe, akaeleza kwamba kinamasi ni ardhi ya majimaji na viluwiluwi ni watoto wa mbu. Wote tukaamriwa kuchimba mfereji, na mimi nikapewa sururu ya kwanza kwa kuwa ni mume wa aliyegundua. Mbu wamepungua, sikatai. Mgongo je?

3. Tangu ujana wangu nachonga ndege. Jina lake lilikuwa ndege, na wateja waliridhika. Sasa Sesilia hukaa kando yangu na kitabu, na ameniambia nimempa korongo mdomo wa bata, na kwamba goti lake hukunjika kwa nyuma. Mteja mmoja, Ndugu Adelard, alimsikia, akarudisha ndege wake ili arekebishwe magoti. Mpingo haurekebishwi, Ndugu Mratibu. Nilichonga upya.

4. Hili ndilo linaloniuma. Kwa miaka tisa barua za mama yake kutoka Newala nilimsomea mimi. Zilikuwa barua nzuri: mama hajambo, mvua imenyesha, mheshimu mumeo. Mwezi uliopita ilipofika nyingine aliifungua mwenyewe, akasoma kimya hadi mwisho. Mama, kwa mkono wa katekista, alikuwa anauliza kwa mara ya nne mbona hatumjibu habari ya macho yake yanayofifia. Sesilia hakugomba. Aliniuliza tu, "Leonardi, zile nyingine zilisemaje?" Nilijibu kwamba mwandiko wa zamani ulikuwa mbaya. Nikaenda Newala mwenyewe kumchukua mama. Sasa anatibiwa hapa mjini, na kila alasiri anasomewa kitabu hicho akiwa amekalia kiti changu. Jana mama aliniita kereng'ende, mdudu wa mabwawani.

Kwa hiyo naomba maneno mapya yatolewe kwa mgawo kama sukari, mawili kwa kila kaya kwa wiki, na maana yake apewe kwanza mwenye nyumba. Kitabu kirudishwe ofisini kwako na kifungiwe. Hilo likishindikana, Sesilia aazimwe kitabu cha ufugaji wa kuku, ambao sote tunawajua.

Wasalimie wafanyakazi wenzako wote, pamoja na mpiga chapa. Nisalimie na Mwalimu Kokushubila, simchukii.

Ndimi ndugu yako katika ujenzi wa taifa, mwenye malengelenge ya sururu,

Leonardi

N.B. Mwandiko huu mzuri ni wa Sesilia. Mimi nimetamka, yeye ameandika yote bila kupunguza, ila kwenye namba nne alisimamisha kalamu kidogo. Mimi sijui kusoma, Ndugu Mratibu. Nimemwambia hapo hapo, akaniuliza tuendelee na namba ngapi. Anasema darasa la wanaoanza ni Jumatatu. Naomba nafasi, ikiwezekana mbele. Na kitabu kisirudishwe kwanza, kwa sababu pale tulipofika, korongo jike ametaga kwenye matete na maji yanapanda.