Injinia wa Ulinzi na Lori la Karafuu

Evance alikuwa stendi ya Msamvu, akinywa chai aliyonunuliwa na mtu mwingine, aliposikia neema ikipiga kelele meza ya jirani. Dada mmoja alikuwa akipanga safari ya lori la karafuu kwa simu ileile aliyokuwa akimwonyeshea shoga yake picha za harusi.

"Kazini hawajakupa simu?" shoga akauliza.

"Bosi Abdulatif? Labda nikifa, anizike nayo."

Hapo Evance akapata wito, kama mapadri wanavyoupata, ila wake ulikuja haraka zaidi.

Kesho yake aliingia kwenye kampuni ya viungo ya Abdulatif, tai shingoni, akijiita Injinia Baraka. Kwa huzuni kuu alieleza kwamba simu binafsi ya mfanyakazi ni dirisha lisilo na nondo.

"Dawa yake?" Abdulatif akauliza.

"Uwanunulie simu za ofisi."

Bosi akashika kifua.

"Au nizisafishe hizihizi. Bure."

"Bure! Mungu akuzidishie, Injinia." Akamgeukia yule dada wa karafuu. "Scholastika, mpe simu. Na mzigo ukipotea kupitia hiyo simu yako, kazi huna."

Ndivyo mabosi wanavyodhibiti hatari: wanaikabidhi kwa mtu mwingine.

Evance aliipangusa simu kwa leso, usafi pekee alioufanya, kisha kimyakimya akaiunganisha WhatsApp ya Scholastika na kompyuta yake mwenyewe. Ijumaa lori likatoka Mkuyuni. Lilipofika Mikese, dereva akapokea ujumbe kwa jina la Scholastika: "Dereva, usiende Dar. Geuza, shusha Msamvu." Evance akaufuta haraka upande wa Scholastika tu, kabla mwenye simu hajauona.

Bahati mbaya, dereva huyo, mzee Yohana, ni mjomba wa Scholastika, tumbo moja na mama yake. Na kwa Waluguru mjomba ni serikali. Akausoma mara mbili, akapiga simu.

"Mpwa wangu, siku hizi mimi ni Dereva? Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo mjomba! Mimi sijaandika kitu!"

"Marahaba. Basi kuna mwizi asiye na malezi. Tulia, usimshtue."

Akajibu ujumbe: "Sawa. Ila mafuta yameisha. Tuma hela."

Evance, akiogopa kukosa karafuu, akatuma. Kisha tairi likapasuka. Kisha feni belti ikakatika. Lori lile liliharibika kila kitu isipokuwa honi, na kila mara mtaalamu wetu wa ulinzi alituma hela kwa simu yake binafsi, laini aliyoisajili kwa kidole chake mwenyewe. Kila muamala ukatua Mikese na majina yake matatu.

Mzee Yohana akajaza tangi, akala nyama choma, akaendelea na safari ya Dar. Majina akamrushia mpwa wake, naye akayapeleka polisi.

Jioni, Evance akiwa bado anakodolea macho barabara ya Msamvu, askari kanzu akamgusa bega.

"Evance Athanas Komba?"

"Umenifananisha, afande. Mimi Injinia Baraka."

Askari akabonyeza namba iliyotuma hela. Mfuko wa Injinia ukaita.

"Pokea basi," askari akasema. "Huenda gari limeharibika tena."