Babu, Naomba Unibadilishie Jina la Hupimu

Korogwe Mjini

Kwa Babu yangu mheshimiwa, Mzee Gregori Hiza, Kwamsisi.

Shikamoo Babu. Natumaini magoti yametulia na mahindi yameota. Mimi ni mzima, isipokuwa jina.

Naomba kwa heshima unibadilishie. Najua ulilitoa kwenye Maandiko, katika orodha ya wana wa Benyamini, ukitugawia wajukuu wa kiume mmoja mmoja. Binamu yangu Gera ana bahati. Dada zangu wana bahati zaidi, maana orodha haikutaja wanawake. Mimi nikaangukia Hupimu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nauza mahindi na maharage kwa kilo. Juzi Mama Rukaya alisimama mbele ya mzani akasema, "Nasikia wewe hupimi." Nikamwambia napima. Akasema, "Mbona jina lako linakataa?" Akavuka barabara, akanunua kwa Riyaz.

2. Nimemchunguza huyo mheshimiwa. Hakupigana vita, hakutabiri, hakupanda hata mlima. Alihamia Misri na ukoo mzima wakati wa njaa. Yaani kazi yake yote ilikuwa kwenda kula. Kwingine ameandikwa Hufamu, na kwingine ana baba mwingine kabisa. Hata kwao hawana uhakika naye.

3. Nilipokuuliza, ulinijibu, "Akina Daudi wana watu wengi wa kuwaita. Huyu nani atamwita?" Nashukuru kwa huruma yako kwa marehemu. Sisi tulio hai tunasubiri zamu.

4. Hili ndilo linaloniumiza. Nimeposa kwa kina Ritha, Mombo. Mshenga wetu, Mzee Isihaka, alipotaja jina langu, baba mtu akauliza, "Hapimi nini?" Mzee akarudia. Kikao kikavunjika, wakasema watatuita. Tangu hapo Ritha hapokei simu. Babu, nampenda huyu binti. Nikimkosa kwa sababu ya mtu aliyekwenda Misri kula, sijui nitamlaumu nani kati yenu wawili.

Kwa hiyo naomba Jumapili usimame kanisani utangaze kwamba ulikosea mstari, na kuanzia sasa niitwe Yusufu. Ikishindikana, tangazeni kwamba nimefariki. Mnizike kwa heshima, kisha nitarudi kama mgeni kutoka Handeni Mjini.

Nisalimie Bibi, Mjomba Sabiri, na yeyote atakayeniulizia, kwa jina lolote atakalopenda.

Mjukuu wako mtiifu, kwa sasa,
H. Hiza

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Mzee Isihaka ameingia kutoka Mombo. Posa imekubaliwa! Baba Ritha anasema wachumba wengine walikuja na majina mazuri, lakini yeye hakumbuki hata mmoja wao. La kwangu limemchekesha mpaka akaomba maji, na mkwe wa namna hiyo hataki apotee. Basi usiguse kitu, Babu. Njoo harusini, ila usikae karibu na dada yake Ritha. Ni mjamzito. Na miwani yako ya kusomea iache nyumbani.