Kitinda Mimba wa Hiari

Remigius alimwona yule mama wa Kizungu kabla mhudumu wa mgahawa hajamwona. Si ajabu. Mhudumu alikuwa na mshahara, Remigius alikuwa na macho yake tu. Mama alikaa peke yake karibu na dirisha, na mezani kwake kulikuwa na chai ya tangawizi, faili la plastiki na tepu ya kupimia, ile ya chuma ya mafundi. Mtalii hatembei na tepu. Mwenye tepu anatafuta kitu cha kupima, na Remigius aliona ni ukarimu tu kumtafutia.

Akachomoa kadi yake. Ilisomeka "Mshauri wa Uwekezaji na Makazi". Ile ya mfuko wa pili ilisomeka "Wakala wa Madini", namba ya simu ni hiyo hiyo, lakini ya madini ilikuwa imechacha kidogo pale mjini na hakutaka kuitoa mchana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu mama kwa Kiswahili kilichonyooka kama kimepigwa pasi. "Ila sijazeeka sana. Nimestaafu mapema."

Aliitwa Marieke, wa Uholanzi. Alifanya kazi ofisi za reli mpaka walipoanza kupunguza watu, akaomba kustaafu kwa hiari. Kiswahili alijifunza madarasa ya jioni. Mwaka uliopita alijaribu kuupanda Mlima, kichwa kikamgeuza njiani, akashuka magoti yakimgomea, na Moshi nzima hakupata nyumba ya kumpa hata beseni la maji ya moto aweke miguu. Basi amerudi kufungua nyumba hiyo mwenyewe, huko juu kwenye migomba, vyumba vinne, kwa ajili ya watu wanaoshuka wakichechemea. Alikwisha kuuza hata nyumba yake ya kwao. Kiinua mgongo chote kilikuwa benki na nyuma yake hakikubaki kitu. Kikipotea, atarudi Ulaya kulala sebuleni kwa dada yake.

Yote hayo alimweleza mtu aliyemfahamu tangu chai ilipokuwa ya moto. Tumtendee haki Remigius: alihisi kitu kinachofanana na huruma. Kikapita.

"Nimesoma kwamba mgeni hawezi kumiliki ardhi hapa," akasema Marieke.

"Ndiyo maana Mungu akaumba wenyeji," akasema Remigius.

Sasa, nyumba. Anayezijua kata za juu anajua kwamba huko kuna majumba ya vigae na vioo yanayokaa yamefungwa tangu Januari. Wenyewe wako Dar, wako Mwanza, wanatafuta. Desemba wanapanda wote na magari yao na watoto wasiojua kumenya ndizi, wanachinja, wanasali, wanafunga milango, wanashuka. Remigius alilijua mojawapo, ghorofa huko Kirua Vunjo, kwa sababu aliwahi kula msibani hapo. Marehemu hakumfahamu, lakini hilo halikuwahi kumzuia kula. Nyumba ilijengwa na watoto wa Bibi Veronika, mjane, ambaye mwenyewe alikataa kulala ndani yake kwa kuwa kule ghorofani hamsikii ng'ombe wake. Akabaki kwenye kijumba cha zamani pembeni, na funguo za ghorofa akazifunga kwenye ncha ya kanga.

Mpango ulikuwa mwepesi. Huko juu kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba, kahawa na makaburi ya baba na babu, humwendea kitinda mimba. Hata Wazungu wameyasoma hayo vitabuni. Remigius angekuwa kitinda mimba kwa wiki moja, apokee pesa za mama wa reli, halafu awe mtu wa Mbeya.

Alitangulia peke yake kwa Bibi Veronika, amebeba sukari na kilo mbili za nyama. Akajieleza kwamba ni rafiki wa Calvin, mtoto wake mkubwa. Kwamba kuna mgeni wa kanisa anayependa kuona familia za Kichaga. Kwamba ombi lake ni dogo mno. Mgeni akija, yeye amwite "mama", na mama amwite "mwanangu". Basi. Mgeni atafurahi, atapiga picha, ataondoka.

Bibi Veronika aliipokea nyama, akaipima kwa mkono.

"Mwanangu wa ngapi?"

"Wa mwisho, mama."

Bibi alimtazama kwa muda, kuanzia kola ya shati mpaka viatu vyeusi vilivyochongoka mbele. Kisha akatazama bandani, ambako ng'ombe alikuwa analia.

"Sawa," akasema. "Wa mwisho."

Remigius alishuka mjini akipiga mluzi. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kumwona mtu akiingia laini namna ile.

Kesho yake akampandisha Marieke. Bibi alimpokea mgeni kwa mikono miwili, akamketisha barazani, akasema kwa sauti ya kanisani, "Huyu ndiye kitinda mimba wangu. Kihamba hiki ni chake." Remigius alikaribia kutokwa na machozi. Hata yeye asingelisema vizuri hivyo.

"Remi," akaendelea Bibi, "ng'ombe hajala tangu asubuhi."

Remigius akacheka kidogo. Bibi hakucheka. Marieke akageuka kumtazama mtoto wa nyumba, na mtoto wa nyumba akakumbuka kwamba mtoto wa nyumba huwa haulizi mundu uko wapi. Akavua viatu, akaviacha barazani, akaingia migombani peku na suruali ya kupiga pasi. Aliporudi, amejitwika mzigo wa majani kichwani na siafu mmoja mahali pasipotajika, akawakuta wale mama wawili wanacheka. Walipomwona wakanyamaza na kumimina chai.

Marieke alisema nyumba ameipenda. Ila hatalipa kwa vipande. Atalipa kwa mara moja, siku ya kuandikishana mbele za watu, nyumba ikiwa tayari kupokea wageni: choo cha kukaa kule juu, maji ya moto, rangi, na ngazi isiyoteleza. Remigius akapendekeza apewe kidogo cha kuanzia. Marieke akasikitika, akasema mwenye nyumba ndiye hutengeneza nyumba, halafu akataja atakachotoa siku hiyo. Remigius alisahau kumeza chai.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la mtu mwenye akili nyingi. Mpumbavu angeondoka. Remigius akauza pikipiki iliyokuwa ikimwingizia hela pale Pasua, mtaa wa mjini alikopanga, akauza friji, akauza televisheni ambayo mama mwenye nyumba wake aliamini ni ya kwake. Akaleta fundi bomba, akaleta fundi rangi, akaweka tangi la kuchemsha maji kwa jua. Yeye ambaye hakuwahi kununua hata chaki kwa pesa yake, akawa anabishana dukani juu ya ubora wa vigae.

Na kila alipopanda kukagua, ng'ombe alikuwa hajala. Ikawa samadi, ikawa mfereji umeziba, ikawa mgomba umeanguka na Bibi hawezi kuunyanyua. Majirani wakaanza kumsimamisha njiani. Kitinda mimba, habari za nyumbani? Kitinda mimba, mama kaamkaje? Walimwuliza kwa nyuso za watu wanaotoka kwenye ibada. Kaburi la baba, lile lenye majani ya masale pembeni, alilipalilia siku moja Marieke akimpiga picha, akajikuta anamsimulia jinsi marehemu alivyompenda.

Siku ya kuandikishana ilipikwa mbege, pombe ya ndizi. Remigius alikuja na suti. Walikuwepo wazee wa ukoo, alikuwepo Valerian, mwenyekiti wa kitongoji, na walikuwepo mgambo wawili waliokaa karibu na njia wakila machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, kwa utulivu. Simu ya Bibi iliwekwa mezani, imefunguliwa sauti, Calvin akiwa hewani kutoka Dar. Remigius aliposikia jina la Calvin alisogeza kiti mbali na simu, akajipa moyo kwamba sauti haina macho.

Valerian akasoma mkataba. Mpangaji ni Marieke, kibali chake cha biashara hiki hapa. Mpangishaji ni Veronika na watoto wake. Kodi italipwa kwa Veronika kila mwezi. Krismasi nyumba ni ya familia, wageni watapumzika. Akakunja karatasi.

Remigius akasimama. Akasema kwa upole kwamba pengine kuna jina limerukwa.

"Wewe ni nani katika jambo hili?" akauliza Valerian.

Mgambo mmoja akaacha kutafuna.

Marieke ndiye aliyejibu. "Siku ile ulipokwenda kukata majani," akamwambia, "nilimwuliza mama umezaliwa mwaka gani. Akasema hajui, nikuulize wewe. Ndipo nikamwuliza yeye kama nyumba inapangishwa."

Wazee wakaangalia chini kwenye vibuyu vyao, mabega yakitikisika. Bibi Veronika akasimama, akarekebisha kanga. Alisema kitinda mimba wake anaitwa Ronald, yuko Dar anauza matairi, na alikwisha kutamka kwamba yeye na ng'ombe wameachana kwa amani. Nafasi ilikuwa wazi. "Huyu alikuja mwenyewe. Mimi sikumwita. Nikamwuliza wa ngapi, akachagua."

"Basi swali ni moja," akasema Valerian. "Remigius, wewe ni mtoto wa mama huyu, au si mtoto wake?"

Hebu tumwache hapo kidogo, na suti yake. Akisema si mtoto, basi yeye ni mtu aliyetaka kuuza kihamba cha mjane, na mgambo wameshaweka sahani chini. Akisema ni mtoto, basi vigae, tangi, choo na rangi ni kazi ya mtoto kwa mama yake, na hakuna baraza la ukoo duniani litakalomsikiliza mtoto anayemdai mama yake choo. Kwa mara ya kwanza maishani Remigius alitafuta uongo, akakuta ule aliokwisha kuutumia.

"Ni mwanawe," akasema. "Wa mwisho."

"Hongera kwa kumkarabatia mama nyumba," akasema Valerian, na Calvin akasikika kwenye simu akipiga makofi.

Alikusudia kutoroka kesho yake. Hakuna aliyelinda njia. Lakini Pasua hakuwa tena na pikipiki, wala friji, na mama mwenye nyumba alikuwa anaitafuta televisheni. Bibi alikuwa amemtandikia chumba cha uani. Halafu wageni wa kwanza wakashuka kutoka Mlimani, wakawekewa miguu kwenye mabeseni, na Marieke akagundua kwamba mtu aliyechoka anahitaji pia mtu wa kumsimulia. Remigius akawasimulia historia ya ukoo. Sehemu kubwa haikuwahi kutokea. Wageni waliandika kwa wenzao kwamba hawajapata kukutana na mwenyeji mkweli kama yule.

Desemba magari yakapanda. Remigius alijificha bandani, akijua kwamba wenye nyumba sasa wamefika na mchezo umekwisha. Calvin akamfuata huko huko, akamkumbatia. Doris, dada mtu, akamkumbatia. Wa mwisho kumkumbatia alikuwa Ronald, na huyo alishindwa kumwachia, kama mtu anayemshika aliyemvuta kutoka mtoni.

"Mdogo wangu," akasema Ronald, ambaye kwa sura alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi tu. "Nimekuletea zawadi."

Zilikuwa gambuti mpya, nyeusi, zinanukia mpira. Remigius akaingiza mguu wa kulia, akaingiza wa kushoto. Zilimkaa kama alikwenda dukani mwenyewe. Akauliza Ronald alijuaje saizi.

"Mama aliniagiza tangu mwezi wa sita. Siku ya kwanza tu uliyomleta mgeni. Alisema ulivua viatu barazani wakavipima."

Remigius akageuka. Kule barazani Marieke alikuwa ameshika tepu yake ya chuma, anaivuta na kuiachia ijikunje, na kando yake Bibi Veronika alikuwa anamenya ndizi bila kuinua macho.

Ng'ombe akalia.

Remigius akachukua mundu, akaenda.