Mbwa wa Syprose Mikononi mwa Serikali

"Inatangazwa kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, wenye mbwa na wasio na mbwa: kuanzia Jumatatu ijayo wanyama wote wa mwituni ni mali ya Mfalme, na hakuna mbwa mwenye ruhusa ya kula mali ya Mfalme!"

Maneno hayo niliyasoma mimi, Kebaso, karani na mkalimani, nikiwa nimesimama juu ya sanduku la chai mbele ya banda la kupimia majani, upande wa juu wa Roret. Nilikuwa nimevaa tai. Mwaka ule nzige walikuwa wametoka kupita, ng'ombe wote walikuwa karantini, na nyama ya duka ilikuwa imebaki hadithi. Serikali iliona shida hiyo, ikafungua Ofisi ya Ulaji wa Mbwa. Ofisi ilikuwa na Bwana mmoja, karani mmoja, askari mmoja na meza mbili.

Bwana wetu aliitwa Thrupp. Jina hilo halikukubali kukaa mdomoni mwa mtu yeyote, kwa hiyo watu wakamwita Turupu. Alikuwa mrefu, mwembamba, pua imebabuka kwa jua, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba hakuna kitu duniani kisichoweza kunyooshwa kwa tangazo.

"Kuna swali?" niliwauliza wachuma chai, kwa sababu tangazo lilisema niulize.

Arap Soi, mzee mwenye ng'ombe ng'ambo ya mto, akainua fimbo. "Karani, panya je?"

"Panya wa nyumbani ni wa mwenye nyumba. Panya wa shambani ni wa Mfalme."

"Na yule wa shambani akiingia nyumbani?"

Nikamtafsiria Bwana Turupu. Alifikiri sana, mikono nyuma. Jibu likawa kwamba panya huyo atahesabiwa kuwa yuko safarini, na asiguswe mpaka ajulikane anakwenda wapi.

"Na mbwa wa wazungu?" akauliza mwanamke mmoja, kikapu cha majani bado kiko mgongoni. "Si hao pia wanakimbiza wanyama?"

"Mbwa wa mzungu hawindi, mama," nikamweleza kwa upole. "Anacheza."

Mwanamke huyo alikuwa Syprose Ayoo, mtu wa kutoka upande wa ziwa. Mumewe Ogola alikuwa akitia kuni kwenye boila ya kiwanda, na yeye alichuma chai na kulima kipande cha mahindi nyuma ya laini, yaani safu za nyumba za wafanyakazi. Nzige walimaliza mahindi ya kila mtu. Yeye alipanda tena mapema, na mbwa wake Rabuor alilinda shamba lile usiku na mchana dhidi ya nungunungu.

Rabuor alikuwa na rangi ya udongo na sikio moja lililochanika. Ni lazima nimtendee haki mshtakiwa: hakuwa mlafi wa nyama pori peke yake. Alikula fuko, mjusi na kunguru waliokufa zamani. Alikula kondo la nyuma la ng'ombe wa arap Soi kabla ng'ombe mwenyewe hajageuka kutazama. Alikula sabuni. Mara kwa mara alimletea Syprose mlangoni kitu fulani ambacho hapo kale kilikuwa mnyama, akakiweka chini kwa heshima, akatikisa mkia. Syprose alimfukuza kwa ufagio, halafu akamwita arudi.

Jumatatu yenyewe, Bwana Turupu alitoka kutembea na mbwa wake Dachesi, mbwa jike mwenye nywele za hariri aliyekuja kwa meli. Sungura akachomoka kwenye chai. Dachesi akatimka. Rabuor naye akatimka kutoka upande wa laini. Sungura akakata kulia, Dachesi akaenda kushoto, na Rabuor akamdaka, akammeza na manyoya yake papo hapo mbele ya Bwana. Dachesi alifika akihema, akalala chini.

Masikio ya Bwana Turupu yakawa mekundu. "Nyang'au!" akamwita askari wetu kwa jina lake. "Kamata hii mwizi!"

Syprose alikuja ofisini mbio, mikono bado ina utomvu wa chai. "Karani, si wote wawili walikuwa wanafukuza?"

"Walikuwa wote wawili," nikakubali. "Lakini mmoja alikuwa anacheza."

"Na mimi nitajuaje huyu anacheza, huyu anaiba?"

"Anayeiba ni yule aliyeshika."

Alinitazama kama mtu anayetazama mkate ulioota ukungu. Adhabu ilikuwa wazi: mbwa apigwe risasi. Ilibaki ushahidi tu, na ushahidi ulikuwa tumboni mwa mshtakiwa.

Bwana Turupu akaagiza mafuta ya mbarika ya kumharisha. Nyang'au, mtu mwenye mabega kama mlango, aliketi na karai nyuma ya ofisi akingoja, uso wake umejaa wajibu. Ushahidi ulipowasili tuliitwa. Bwana aliinama akiwa na kitambaa puani. Ndani ya karai mlikuwa na kamba ya kiatu, mbegu za mapera, mdomo wa ndege ambaye hatukuweza kumtambua, na nusu ya soksi ya sufu ya Bwana mwenyewe, ambayo mpishi wake Atuti alikuwa ameshagombezwa kwa kupotea kwake.

"Sungura iko wapi?"

Nyang'au akapiga saluti. "Sungura hajaripoti, Bwana."

Mafuta yakaongezwa. Sungura hakuripoti. Bila ushahidi, ilibidi kesi ingoje ofisa mkubwa wa wanyama kutoka Nairobi, ambaye watu humwita Bwana Nyama kwa heshima. Mpaka afike, Rabuor angekaa mikononi mwa Serikali, amefungwa kwenye mguu wa meza yangu.

Hapo ndipo ilipoanza taabu. Tulimpa posho ya mahindi, akanusa, akageuka. Tulimpa maharagwe, akayalalia. Syprose alileta samaki mkavu, lakini Bwana alikataza wageni kumwona mfungwa. Mbavu zikaanza kuhesabika. Bwana Turupu akaingiwa na wasiwasi wa kweli.

"Hii mbwa nakufa," akasema. "Hapana kufa! Kama nakufa, mimi napiga risasi nani?"

Nilimweleza kwamba mshtakiwa anakula nyama tu, na ng'ombe wako karantini. Bwana akazunguka meza. Kisha akachukua bunduki, akatoka, akarudi na kwale. Rabuor akala kwale, miguu na mdomo. Kesho yake akala kanga. Baada ya hapo risasi za Bwana zikaanza kukosa, maana alikuwa mpigaji wa kubahatisha, na Dachesi alikuwa na hofu ya majani marefu. Ikaonekana busara mfungwa mwenyewe apelekwe porini, chini ya ulinzi, ajitafutie chakula.

Nataka ieleweke kwamba jambo hili lilifanyika kwa utaratibu. Mbele alikwenda mshtakiwa. Nyuma yake Nyang'au, ameshika kamba. Nyuma ya Nyang'au Bwana, na nyuma ya Bwana mimi na tai yangu. Kamba ilikatika siku ya kwanza, na hakuna aliyependekeza ifungwe tena. Rabuor alikamata sungura. Alikamata pimbi kwenye majabali. Alikamata paa kando ya mto, na Bwana Turupu akaruka juu akitupa kofia hewani, akipiga kelele kama mtoto aliyeona mvua ya mawe. Paa alikuwa mkubwa kwa mbwa mmoja, kwa hiyo Atuti akapika mchuzi. Bwana aliyekuwa akila vitu vya mkebe tangu nzige wapite alifumba macho kwa utamu. Sisi wengine pia hatukufungua yetu.

Kuanzia hapo Bwana hakukaa ofisini. Matangazo yakaota vumbi. Alimkuna Rabuor masikio, akamwita rafiki, na Rabuor akamletea kitandani kichwa cha fuko. Bwana akamshukuru.

Huku nyuma nungunungu waliingia kwa Syprose, wakaangusha mahindi mstari kwa mstari. Alikuja akasimama mlangoni pa ofisi, machozi karibu. "Karani, mkimuua muueni. Mkimwachilia mwachilieni. Lakini shamba yangu inaisha na nyinyi mnanenepa!"

Nilijishika tumbo. Ilikuwa kweli. Nilimwambia suala lake liko mbele ya wakubwa, lakini usiku ule sikuomba mchuzi wa pili.

Bwana Nyama alifika kabla ya siku iliyotangazwa. Alitukuta njiani. Nyang'au alikuwa na paa begani. Mimi nilikuwa na kwale shingoni, juu ya tai. Bwana Turupu alikuwa amelala kifudifudi, kichwa na mabega ndani ya shimo la ngiri, akivuta miguu miwili ya nyuma ya mbwa.

"Huyo ni nani?" akauliza Bwana Nyama. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, jambo ambalo sikulipenda.

"Ni Bwana wetu, Bwana."

"Nauliza mbwa."

"Ni mshtakiwa, Bwana."

Kesi ilisikizwa hapo hapo, pembeni mwa chai, wachuma wote wamesimama. Bwana Nyama akamgeukia Syprose. "Mama, kwako mbwa huyu alishika mnyama gani?"

"Sungura moja. Hata hiyo hawakuiona."

"Na mikononi mwa Serikali?"

Nyang'au akapiga saluti hata paa akaanguka kutoka begani. "Bwana, tuliacha kuhesabu."

"Basi mbwa ni mwizi sugu," akasema Bwana Nyama, akanyoosha mkono apewe bunduki.

"Hapana!" Bwana Turupu akajitupa mbele ya Rabuor, matope mpaka kwenye nyusi. "Hii mbwa si mwizi! Hii mbwa nacheza!"

"Anayecheza ni mbwa wa mzungu. Kwa hiyo ni wako?"

"Ndiyo! Yangu!"

"Kama ni wako, mama huyu ameshtakiwa kwa mbwa wa nani? Na kama ni wake, wewe umewinda kwa mbwa wa nani, na kwa kibali gani?"

Bwana Turupu alinitazama. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu niliombwa maoni. Nikakohoa.

Syprose hakungoja tafsiri. Alipita katikati yao, akamshika Rabuor kwa ngozi ya shingo. "Mbwa ni yangu. Kama ni ya mzungu, basi mzungu aje alale kwa shamba yangu, afukuze nungunungu." Akaondoka naye. Wachuma wakashangilia mpaka ndege wakaruka kwenye miti ya kuni.

Bwana Nyama alichukua bunduki ya Bwana Turupu, akafunga ofisi, akaniamuru nipande tena juu ya sanduku. Nikatangaza kwa sauti ileile kwamba tangazo la kwanza halikuwahi kutangazwa, na wote waliolisikia wawe hawakulisikia. Bwana Turupu aliambiwa angoje uhamisho.

Karantini iliendelea. Mkebe wa mwisho ukaisha. Mwisho wa juma Bwana Turupu alinijia. Tulishuka pamoja hadi laini, kofia yake mkononi. Syprose alikuwa nje akichambua mboga. Rabuor alikuwa amelala kivulini, tumbo juu.

"Mama," Bwana akasema, "mimi naomba mbwa. Kidogo tu. Sungura moja."

Syprose alimpima toka nywele mpaka viatu. Akachambua jani moja, akachambua la pili. "Karani, mwambie nimesikia. Mbwa amekula, amelala. Tutaangalia maneno yake. Arudi kesho."

Nikanyoosha tai. "Bwana, ombi lako limepokelewa na linashughulikiwa."

"Nini?"

"Njoo kesho."

Alikuja mapema, umande haujakauka. Kwenye jiwe kando ya mlango alikuwa ameketi Bwana Nyama, aliyekuwa bado hajarudi Nairobi, kofia magotini, naye akingoja mbwa. Akamtazama Bwana Turupu, akasogea kidogo, akampa nafasi ya kukaa.