Kitenge cha Mama-Mkwe Kilivyovuka Uwanja wa Beni

Njoni msikilize, enyi wa Lubero na wa Butembo, nanyi wa Mbau, wekeni majembe chini. Kwani natangaza jambo kuu lililotendeka mwaka ule wa vita, nchi ilipokuwa na serikali nyingi kuliko barabara, na kila serikali ikitoza kodi yake.

Siku hiyo Mwalimu Zorobabel, shemasi wa kanisa, simba wa ubao na chaki, aliwasili uwanja wa ndege wa Beni akielekea Kampala kumposa Hulda, ambaye mama yake alikuwa amekimbilia huko. Kufika kwa mama-mkwe mikono mitupu ni kurudi bila mke. Nalo gunia la viazi alilomletea lilikuwa limeshindwa mbele ya mizani, kwa maana ndege ndogo hupima abiria pamoja na mzigo wake, na Mwalimu peke yake aliimaliza mizani.

Akaingia basi katika kibanda cha mabati kilichoandikwa kwa rangi ya buluu DUTY FREE, yaani bila ushuru, alikotawala Mama Emérence juu ya sabuni na biskuti, akatoa senti yake ya mwisho, akanunua kitenge cha maua ya njano. Mlangoni akakutana na askari wa waasi.

"Mwalimu, hiyo kitu ya mukono inalipa taxe!"

"Mais, Afande, si duka inaandikwa duty free?"

"Free ni mule ndani. Huku inje ni bureau yangu."

Loo! Propela zikaanza kunguruma, naye akamwona akilini Hulda akiolewa na muuza mafuta ya taa fulani. Ndipo akapaza sauti kama anahubiri Pasaka:

"Afande, mbele ya Mungu na mbele ya hawa batu bote, nakuuliza: nguo yenye mutu anavaa, nayo inalipa?"

"Ya mwilini? Hapana. Hata sisi hatuyafika huko."

Shujaa akakikunjua kitenge, akakifunga kiunoni juu ya suruali yake ya Jumapili. Mama Emérence akapiga vigelegele. Aibu ilimchoma, nasema kweli, lakini hakugeuka. Akavuka uwanja wote kichwa juu.

Andikeni, wenye kuandika historia: majemadari waliteka miji wakaipoteza, lakini kitenge hiki kilipita bila kodi. Karani wa ndege, akihesabu abiria, alimtazama toka juu hadi chini, akaandika: wanaume wanane, wanawake watatu. Na Mwalimu, aliyesahihisha makosa ya watu miaka ishirini, hilo akaliacha.