Mhandisi Aliyempigia Simu Mzee wa Masalani

Kwa Mwenyekiti wa Bodi,
Mradi wa Malisho kwa Setilaiti,
Garissa.

Mheshimiwa, assalaam aleikum.

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA NASTEHA KERROW

Mimi ni karani wa ofisi ya mradi iliyoko Waberi. Naomba barua hii asionyeshwe Mkurugenzi, ingawa ninakubaliana naye kabisa. Tulihoji watu wawili kwa kazi ya mhandisi wa mifumo ya anga, atakayewaambia wafugaji setilaiti imeona nyasi wapi. Nasteha aliyaharibu mahojiano.

1. Alikuja na shahada ya uhandisi wa anga. Ni kweli tangazo lilitaka shahada, lakini watu wazima hujua tangazo ni tangazo.

2. Alipoulizwa sifa kuu ya mhandisi huyo, alisema ni kuishuku kazi yake mwenyewe, kwa kuwa chombo kikisharushwa hakuna fundi wa kukifuata huko juu. Gelle, mwombaji wa pili na shemeji yake Mkurugenzi, alijibu, "Hakuna shida." Jopo lilipumua.

3. Picha ya setilaiti ilionyesha Masalani ni kijani kitupu. Badala ya kuisifu, Nasteha alimpigia simu mzee mmoja wa huko, mbele yetu, akimwita babu kwa Kisomali. "Awowe, nyasi zipo?" Mzee akacheka. "Nyasi gani, binti? Ng'ombe wanatafuna maboksi." Nasteha akatuambia setilaiti ni sahan tu, yule anayetangulizwa kutazama malisho, na sahan huhojiwa vizuri kabla watu hawajahama. Gelle alilimaliza tatizo kwa busara: alishauri mzee yule asipigiwe tena.

4. Aliulizwa kama angewatumia wafugaji picha hiyo akiamriwa na mkubwa. Alisema hapana. Kama anakataa kabla ya kuajiriwa, akipewa meza je?

Kwa hiyo naomba Gelle athibitishwe kazini, na sifa za mhandisi ziandikwe upya: awe mwepesi wa kukubali, na asiwe na namba ya simu ya mfugaji yeyote.

Wasalimie wanabodi na jamaa zao, hasa wale ambao bado hatujawaajiri.

Wako kwa utii na hofu,
Sakariye Mursal,
Karani.

Tanbihi: Gelle ameshawatumia wafugaji ile picha. Mama amenipigia simu sasa hivi akisema kwamba abti, kaka yake, ameanza kuswaga ng'ombe wote kuelekea Masalani. Nimemsihi arudi. Anasema karani hawezi kubishana na setilaiti. Atamsikiliza mhandisi peke yake. Tafadhali mwajirini Nasteha leo, kabla ya magharibi, ampigie abti. Barua hii ichaneni.